Tusiseme Kazi Zina Wenyewe Kabla ya Kupeleka Barua



Kila mwaka wa masomo unapokaribia kwisha huzuka mazungumzo yale yale katika baraza ya madrasa yetu baada ya darasa la jioni. Mmoja atauliza, "Wewe fildi unakwenda kufanya wapi?" Mwengine atajibu, "Popote watakaponipokea." Wa tatu atataja ofisi fulani ya Serikali, na hapo hapo itasikika sauti kutoka nyuma: "Wewe! Kule kuna wenyewe." Watu watacheka, na mazungumzo yataishia hapo. Barua haikuandikwa, bahasha haikununuliwa, na ofisi yenyewe haikupata hata nafasi ya kumkatalia mtu.

Mwaka huu tumeona tulizungumze jambo hili wazi wazi katika jarida letu, na tumechagua mfano wa ofisi moja ili maneno yetu yasibaki hewani. Nayo ni Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati Zanzibar, ambayo wengi wenu mnaijua kwa jina la mkato, ZURA. Hatukuichagua kwa kuwa tuna jamaa zetu huko, wala kwa kuwa imetangaza nafasi. Tumeichagua kwa sababu kazi yake inaingia katika kila nyumba wanamotoka wanafunzi wa madrasa hii. Jina lake tunalisikia kila mwezi kwenye redio, lakini ni wachache wanaokumbuka kuwa ndani yake wamo watu, na kwamba watu hao nao siku moja walikuwa wanafunzi waliobeba bahasha mkononi.

Kazi ya ofisi hii ni ipi?

Walio wakubwa kidogo miongoni mwetu hawajasahau giza la miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, pale umeme unaotoka Tanzania Bara ulipokatika na Unguja nzima ikakaa gizani. Kabla ya hapo, mwaka 2008, tulikaa kiasi cha mwezi mmoja katika hali kama hiyo. Tulikuwa tukidurusu kwa mishumaa na taa za chemni. Mabomba yalikauka, kwa sababu pampu za maji nazo zinataka umeme. Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mlikuwa hamjazaliwa au mlikuwa mgongoni mwa mama zenu.

Tangu mwaka 1980 Unguja ilikuwa ikitegemea waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Bara. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulikuja kuwashwa mwaka 2013. Wenzetu wa Pemba, waliokuwa wakitegemea majenereta ya dizeli, walipata waya wao kutoka Tanga mwaka 2010. Na mwaka huo huo wa 2013 ndipo ilipotungwa Sheria Namba 7 iliyoanzisha ZURA.

Tunataja tarehe hizi kwa sababu bado wapo wanaochanganya mambo. ZURA haiuzi umeme. Hiyo ni kazi ya Shirika la Umeme, ZECO. Haisambazi maji, hiyo ni kazi ya Mamlaka ya Maji, ZAWA. Haina sheli wala haina meli ya mafuta. Mfano wake ni mfano wa refa: hapigi mpira, lakini bila yake mchezo hugeuka ugomvi. Yeye ndiye anayetoa leseni, anayeangalia bei, anayesikiliza malalamiko, na anayetakiwa asiwe wa upande wa muuzaji wala wa mnunuzi.

Chukueni mfano wa mafuta. Kila mwezi ZURA hutangaza bei za rejareja. Bei hiyo haitoki kichwani mwa mtu. Huangaliwa bei ya mafuta katika soko la dunia, gharama za meli na bima, thamani ya shilingi mbele ya dola, kodi na tozo za Serikali, na kiwango cha faida cha mwenye kuagiza na cha mwenye sheli. Vyote hivyo vikijumlishwa hupatikana bei ya lita moja. Upande wa Bara kazi kama hiyo hufanywa na EWURA, ambayo hutangaza bei kikomo Jumatano ya mwanzo ya kila mwezi.

Sasa tuseme bei ya lita imepanda kwa shilingi 100. Kwa mwenye gari ya kutembelea hilo ni jambo la kulalamikia barazani kisha likapita. Lakini mtazameni mvuvi mwenye boti ya mashine inayokula lita 40 kwa safari moja. Kila safari imemzidia shilingi 4,000. Akitoka mara 20 kwa mwezi, ni shilingi 80,000. Fedha hizo ama atazirejesha kwa kupandisha bei ya samaki, ama atazikata katika matumizi ya nyumba, na mara nyingi kinachoanza kukatwa ni ada ya mtoto. Basi hesabu iliyofanywa mezani mjini imefika mpaka kwenye chungu cha mtu wa Kizimkazi. Na kwa upande wa pili, bei ikibanwa chini kuliko gharama, mwenye kuagiza ataacha kuagiza, na sote tutakesha kwenye foleni ya sheli tukiwa na fedha mfukoni na mafuta hakuna. Kukaa katikati ya watu wawili hawa, bila ya kumdhulumu huyu wala yule, si kazi ndogo.

Kwa nini uaminifu unatangulia?

Fikirini jambo moja. Watu wanaofanya hesabu hiyo huijua bei kabla haijatangazwa. Kijana wa fildi akapita karibu na meza, akaiona karatasi, jioni akampigia simu mjomba wake mwenye sheli: "Mjomba, kesho inapanda." Mjomba atafunga pampu usiku ule na kusema mafuta yamekwisha, kisha asubuhi atafungua na kuuza kwa bei mpya mafuta aliyoyanunua kwa bei ya zamani. Kijana hakugusa sanduku la fedha la mtu yeyote. Lakini kila aliyejaza mafuta asubuhi ile, kuanzia dereva wa daladala hadi mwenye vespa anayepeleka mikate madukani, ameibiwa, na mwizi wao hawamjui.

Ndiyo maana tunasema kuwa ofisi ya namna hii haitafuti kijana mwenye akili peke yake. Inamtafuta anayeweza kuona na akanyamaza, na kuambiwa na akahifadhi. Kwa maneno yetu ya siku zote, inamtafuta mtu wa amana. Na je, ofisi itamjuaje mtu huyo kabla ya kumpokea? Haiwezi kumfungua kifua. Ina vitu vichache tu mbele yake, na cha kwanza ni barua yake. Anayeomba kazi ya kuwapima wengine huanza kupimwa yeye, na barua ndiyo mizani ya mwanzo.

Barua zetu zikoje?

Hapa tuseme kweli hata kama inatuuma. Barua zetu nyingi haziandikwi na sisi. Tunakwenda kwenye duka la stesheneri, tunamwambia mwenye duka, "Nataka barua ya kuomba fildi," naye anafungua kompyuta yake, anaifungua barua ya mtu wa mwaka juzi, anabadilisha jina na tarehe, anachapa. Ndani yake yamo maneno yale yale: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana mchapakazi, mwenye uwezo wa kufanya kazi mazingira yoyote." Karani anayepokea barua hizo ameshayasoma maneno hayo mara mia. Hayamwambii chochote kuhusu wewe.

Mwenzetu mmoja yalimfika makubwa zaidi. Alipeleka barua katika ofisi moja, na mwenye stesheneri alisahau kubadilisha jina la ofisi iliyokuwemo katika barua ya mtu wa kabla yake. Mzee aliyekuwa akipokea barua aliisoma pale pale, akavua miwani, akamrudishia kwa upole: "Mwanangu, barua hii si ya kwetu. Ipeleke kwa wenyewe." Tulimcheka sana mwenzetu kwa kisa hiki, naye alicheka. Lakini usiku tulipokaa peke yetu tuliona kuwa mzee yule alitufunza jambo. Sisi tunaosema kila siku kuwa kazi zina wenyewe, hata barua zetu hatukuwa wenyewe.

Basi barua nzuri ni ipi? Si lazima iwe ndefu wala iwe na maneno makubwa. Iseme wewe ni nani, unasoma nini, chuo gani na mwaka wa ngapi. Unaomba kufanya mafunzo katika kitengo gani, kuanzia lini hadi lini. Na kwa nini umechagua ofisi ile na si nyengine. Hilo la mwisho ndilo linalotushinda, kwa sababu linataka mtu ajue ofisi inafanya nini kabla ya kuiomba. Iambatanishwe na barua ya utambulisho ya chuo, wasifu wa ukurasa mmoja au miwili, na nakala za vyeti. Ipelekwe mapema, miezi miwili au mitatu kabla, si wiki ile ambayo wenzako wameshaanza.

Tutoe mfano mdogo. Mwanafunzi wa uhasibu anaweza kuandika hivi: "Nyumbani kwetu tunauza barafu. Kila gharama ya umeme inapobadilika, mimi ndiye ninayekaa na mama kupanga upya bei ya kila pakiti. Ningependa kujifunza namna bei inavyopangwa kwa upande wenu." Sentensi tatu tu, na zote ni za kweli. Hakuna stesheneri iliyonazo. Msomaji wake atajua kuwa aliyeandika anaelewa gharama ni kitu gani, na ana macho ya kuona.

Na kweli ndiyo iwe kipimo cha barua nzima. Tumeona wasifu wa wenzetu umeandikwa "Kompyuta: vizuri sana," na mwenyewe hajawahi kufungua programu ya hesabu. Tumeona "Kiingereza: vizuri sana," na mtu akiulizwa jina lake kwa lugha hiyo anatazama chini. Uongo huu tunauita mdogo. Lakini mtu anayeongeza sifa moja katika wasifu wake ili apate, atashindwa nini kuongeza sifuri moja katika ripoti ili mkubwa afurahi? Andika unachokijua, na usichokijua andika kuwa unataka kujifunza. Ndiyo maana ikaitwa mafunzo.

Na hao wenyewe je?

Tunajua mtakachosema: "Nyinyi mnaandika maneno mazuri, lakini dunia haiendi hivyo." Hatutaki kuwadanganya. Kujuana kupo. Mmoja wetu aliambiwa "njoo kesho" kwa wiki tatu katika ofisi moja, na siku aliyokwenda mara ya mwisho alimkuta amekaa kwenye kiti mtu ambaye hata barua hakuandika. Jambo hilo liliuma, na linauma hadi leo. Hatusemi lisisemwe.

Lakini tunauliza mambo mawili. La kwanza: kati yetu sisi tunaolalamika, wangapi tulipeleka barua? Hamsini wakiomba wakapokewa watano wenye jamaa, hiyo ni dhulma inayoweza kuonekana na kuulizwa. Wakiomba watano tu wenye jamaa, na sisi arobaini na tano tumekaa barazani, hakuna aliyedhulumiwa katika daftari la ofisi, tumejidhulumu wenyewe. Kwa hiyo peleka barua, na omba nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Rudi baada ya wiki mbili kuulizia kwa adabu. Ukikataliwa, shukuru na upeleke nyengine kwengine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

La pili ni zito zaidi. Aliyeingia kwa kimemo anadaiwa. Aliyemuingiza atakapomwambia, "Nitazamie karatasi ile, nijue bei kabla ya wenzangu," atamjibu nini? Atakumbuka nani alimpa kiti. Lakini aliyeingia kwa barua yake hana wa kumlipa. Kwa ofisi nyengine huenda hilo likawa jambo la heshima tu. Kwa ofisi inayopanga bei ya vitu ambavyo sote tunavinunua, ni jambo la chakula cha watu. Kwa hivyo tunapowaambia msitafute vimemo hatuwaambii kwa kuwa tunataka muwe watu wema mkose kazi. Tunawaambia kwa sababu kisiwa hiki kinahitaji ndani ya ofisi hizo watu wasiodaiwa na mtu, na watu hao wakitoka katika nyumba za wavuvi, wauza barafu na madereva, wataijua shilingi 100 ina uzito gani.

Nauli, na dada zetu

Lipo jambo jengine ambalo hatulizungumzi kwa kuona haya. Mafunzo kwa vitendo mara nyingi hayana malipo. Tuseme mtu anatoka shamba kuja mjini kila siku, na nauli pamoja na chakula cha mchana ni shilingi 3,000. Kwa wiki nane za siku tano ni shilingi 120,000. Kwa baadhi ya nyumba zetu hizo si fedha za kutolewa mara moja. Yupo mwenzetu aliyepokewa, akaenda wiki mbili, kisha akawa haonekani. Tulisema mvivu. Baadaye tulijua kuwa alikuwa akirudi kwa miguu, na viatu vilipokatika hakuwa na vyengine. Aibu ile ilikuwa yetu, si yake.

Na dada zetu. Katika madrasa hii ni wao wanaoongoza katika mitihani ya hesabu karibu kila muhula, lakini ikifika wakati wa kuomba nafasi katika ofisi za umeme na mafuta husikia kuwa hizo ni kazi za wanaume. Kazi ya udhibiti si kupanda nguzo peke yake. Inataka wahasibu, wanasheria, wachumi, wahandisi, wataalamu wa kompyuta na watu wa kupokea malalamiko. Mama anayeleta malalamiko ya maji yasiyotoka kwa wiki nzima huenda akajieleza vizuri zaidi mbele ya binti kuliko mbele ya kijana wa kiume. Wazazi wanaosita tunawaomba waje wazungumze na walimu wetu kabla ya kukataa.

Tunapendekeza nini?

Tunaiomba kamati ya madrasa mambo matatu, na sisi wenyewe tuko tayari kuyashughulikia. Kwanza, iwekwe siku moja kila mwezi, baada ya darasa la jioni, ambapo wanafunzi wakubwa na walimu watazisoma barua za wanaotaka kuomba na kuwasahihisha. Sharti liwe moja: barua iwe ameiandika mwenyewe kwa mkono kabla ya kupelekwa kuchapwa. Pili, wale waliosoma hapa na sasa wanafanya kazi waanzishe mfuko mdogo wa nauli, ili asirudi nyumbani mtu kwa miguu tena. Tatu, waalikwe watu wanaofanya kazi katika taasisi hizi, waje watueleze kazi zao, wala wasije kuombwa nafasi.

Nanyi wadogo zetu ambao bado mko skuli, msifikiri haya hayawahusu. Siku bei mpya itakapotangazwa, chukua daftari, iandike, na mwezi ujao iandike tena. Muulize baba imemzidia kiasi gani. Baada ya mwaka utakuwa na kumbukumbu ambayo wengi wanaoomba kazi hawana. Na nafasi za kudumu zitakapotangazwa, ambazo siku hizi huombwa kwa kompyuta kupitia mfumo wa maombi ya ajira wa Serikali, utaikuta safari umeshaianza zamani.

Hatuwaahidi kuwa kila atakayeandika atapokewa. Tunachowaambia ni kuwa aliyepeleka barua ya kweli na akakataliwa amebaki na kitu: barua yake, uzoefu wake, na haki ya kuuliza kwa nini. Aliyekaa barazani hakubaki na kitu ila ule msemo.

Basi tukutane baraza ile ile mwezi ujao, inshaallah. Safari hii kila mmoja aje na karatasi na kalamu.